Panya, Ghala na Majirani

Mvua zinapokatika Chunya, baina ya Aprili na Mei, na mahindi yakaanza kukaukia juu ya mabua yake, panya wa mashambani huwa katika neema wasiyoiona tena mpaka mwaka wa pili: nyasi zimezaa mbegu, karanga zimo ardhini, maji bado yamo vijitoni, na majike wengi wana watoto. Kisha mwenye shamba huja akavuna, akachoma mabua, akaibeba riziki yake na kuiweka chini ya paa lake. Na kwa tendo hilo moja, pasipo kukusudia, huwa amewaonyesha viumbe wote waliosalia pale shambani bila chakula wala maficho njia ya kwenda nyumbani kwake. Nimeona heri kuanza na jambo hili kwa kuwa wengi wetu, tukisikia michakacho darini usiku, huilaumu bahati, au humlaumu jirani kwa uchafu wake, na wako hata wanaosema kwamba panya ametumwa. Ilhali aghalabu ametoka ukingoni mwa shamba letu wenyewe, amekifuata chakula tulichokibeba kwa mikono yetu.

Chunya iko kaskazini mwa jiji la Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kwa barabara inayopanda milima yenye baridi na misitu, kisha ikateremka katika nyika ya miombo. Sifa yake kubwa ni dhahabu, tangu machimbo ya Lupa yalipovuma katika miaka ya 1930 na watu wa mataifa mengi wakamiminika kuitafuta. Walakini nchi hii ni ya wakulima na wafugaji pia, na ardhi yake hutoa tumbaku, mahindi, karanga na ufuta. Riziki hizi mbili, ya mchimbaji na ya mkulima, zimempa panya makao mawili yasiyofanana. Machimboni, watu hulala katika vibanda vya miti na maturubai ambavyo havina mlango wa kuzibika wala ukuta wa kupigwa lipu, makombo ya mama lishe humwagwa nyuma ya jiko, na marundo ya mawe yaliyotolewa maduarani, yaani katika mashimo ya dhahabu, hujaa nafasi za kujificha. Vijijini nyumba ni imara zaidi, za matofali ya kuchoma na bati, lakini humo ndimo magunia ya mahindi yanamoegemezwa ukutani, chumbani kwa mwenyewe, kwa kuogopa wezi. Na kwa hofu hiyo ya mwizi mmoja asiyekuja, mwenye nyumba hulala na wezi ishirini.

Wote tunawaita panya, nao si wa jamii moja, wala dawa yao si moja. Yuko panya wa darini, mkubwa kiasi, mwenye masikio mapana na mkia unaopita urefu wa kiwiliwili chake, ambaye asili yake ni Asia, akaletwa pwani na vyombo vya baharini na baadaye akaifuata mizigo mpaka bara. Huyu hupenda juu, kwenye kenchi na kwenye mbao za paa. Yuko panya mdogo wa nyumbani, ambaye uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 25, anayekaa nyuma ya kabati na chini ya magunia, naye hupenya katika tundu la upana wa milimita 6, yaani unene wa penseli, na huweza kuishi bila kunywa maji almuradi apate nafaka ya kula. Na yuko panya shamba, mwenyeji halisi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, na ambaye jike lake lina chuchu zinazoweza kufika 24, hubeba mimba siku 23 tu, na huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja. Asiyewaona kwa macho anaweza kuwatambua kwa mavi yao: ya yule mdogo hayazidi milimita 6, na ya panya wa darini hukaribia sentimita moja au kupita. Nao watoto wasimuue kirukanjia, yule mwenye pua ndefu iliyochongoka na harufu kali, wakidhani ni panya; chakula chake ni wadudu, na kuwamo kwake nyumbani ni faida kuliko hasara.

Wahenga walisema kwamba panya wengi hawachimbi shimo, nao walikuwa wakiwasema watu, na kwa watu walisema kweli. Lakini aliyepata kuchimbua ukingo wa shamba la karanga mwezi wa Juni, akaona njia za chini kwa chini zikikutana katika chumba kimoja kilichotandikwa nyasi laini, hatawatilia shaka panya kwa ujuzi wa kuchimba.

Nchi yetu haikosi maarifa ya viumbe hawa. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamechunguzwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 1997 Mbelgiji Herwig Leirs na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao wa panya shamba wa huko Morogoro, wakaonyesha kwamba kuongezeka na kupungua kwao hutegemea mvua na pia hutegemea wingi wao wenyewe. (Chuo hicho hicho ndicho makao ya shirika la APOPO, linalowafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu; mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nalitaja hili kwa insafu tu, ili isidhaniwe kwamba ukoo mzima wa panya ni wa kulaaniwa.) Kwa mtu wa Chunya fundisho la uchunguzi huo ni hili: panya shamba huanza kuzaa mvua zikishaotesha majani, huwa wengi kupita kiasi mvua zikishakwisha, na hupungua wenyewe kwa njaa na ukavu kadiri kiangazi kinavyosogea. Basi anayengoja mpaka Julai, nyumba ikiwa imejaa, ndipo akanunua sumu, anapigana na jeshi zima, ilhali angeweza mwezi wa Oktoba au mwanzo wa Novemba kupigana na mabaki yake. Na kila jike anayekufa kabla ya mvua za kwanza hufa na kizazi chake chote.

Tena wakati huo una faida ya pili. Mbegu ya mahindi ikishafukiwa tu, panya shamba huifukua mstari kwa mstari, akaila kabla haijaota au ikiwa imechipua kidogo, na mkulima hulazimika kupanda upya kwa mbegu ya kununua tena. Anayewapunguza panya pembezoni mwa nyumba na shamba kabla ya kupanda huwa ameliokoa gunia na mbegu kwa jasho moja.

Kuhusu maradhi nitasema machache, lakini si kwa sababu jambo lenyewe ni dogo. Tauni, maradhi yaletwayo na viroboto wa panya, kumbukumbu zake katika nchi yetu zinaanzia Iringa, jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, mwaka 1886, na tangu 1980 yaliisumbua wilaya ya Lushoto kwa miaka mingi. Mwezi wa Julai 2022 Serikali ilitangaza kwamba homa iliyozuka mkoani Lindi, iliyowapata watu 20 na kuwaua watatu kufikia wakati huo, ni homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, na panya ni miongoni mwao wanaotajwa mwanzo. Kwa hiyo chakula kilichoguswa na panya si cha kukatwa ile sehemu iliyotafunwa na kuliwa iliyobaki. Na anayesafisha stoo yenye mavi ya panya asianze kwa kuyafagia yakiwa makavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Anyunyize kwanza maji yenye dawa ya klorini, angoje dakika chache, kisha afute kwa kitambaa na kunawa kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye sumu, ambayo ndiyo fikra ya kwanza ya kila mwenye nyumba. Siku za mnada, na hata siku zisizo za mnada, hupita kijana mwenye begi na spika ndogo iliyorekodiwa, nayo huimba bila kuchoka: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Mama akitoka kumwuliza kama inafanya kazi, jibu liko tayari: "Mama yangu, hii unaweka usiku, asubuhi unaokota tu." Anachomwuzia ni kipakiti kisicho na jina la kiwanda, wala jina la dawa, wala tarehe, na ndani yake mna unga ambao mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui ni kitu gani. Mimi simlaumu kijana kwa kutafuta riziki. Namlaumu anayenunua kitu cha kuua bila kuuliza kinaua nini na kwa njia gani.

Sumu za panya zinazotumika sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni fosfidi ya zinki, unga wa kijivu unaoelekea weusi, wenye harufu inayofanana na ya kitunguu saumu, ambao ukifika tumboni hukutana na asidi ukatoa hewa ya sumu iitwayo fosfini. Panya hufa kwa saa chache, na mtu, mbwa na kuku hufa vivyo hivyo, maadamu matumbo yao pia yana asidi. Kasoro yake ni kwamba panya aliyeonja kidogo akaumwa bila kufa hakigusi tena chakula hicho. Kwa sababu hiyo wajuzi huweka kwanza chenga za mahindi zisizo na sumu kwa siku mbili tatu, panya akazizoea, ndipo wakatia sumu. Aina ya pili ni zile zinazozuia damu kuganda. Chanzo chake ni ng'ombe wa Marekani waliokuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyoota ukungu; mkemia Karl Paul Link wa Wisconsin na wenzake walikitafuta kiini cha maradhi hayo wakakipata, na kutokana na kazi hiyo ikaja warfarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, nayo hivi leo hupewa pia wagonjwa wa moyo kwa kipimo cha daktari. Panya aliyekula sumu za namna hii, kama bromadioloni, hufa baada ya siku tatu mpaka saba au zaidi, na kwa kuwa maumivu hayaji upesi, haitambui hila. Kwa mtu aliyeila kuna nusura, nayo ni vitamini K, almuradi afikishwe hospitali mapema pamoja na pakiti yenyewe, ili mganga ajue anapambana na nini. Na pakiti isiyo na maandishi haimwambii mganga lolote.

Rai yangu ni kwamba ndani ya nyumba yenye watoto sumu iwe ya mwisho, si ya kwanza. Panya hafi pale ulipomwekea chakula. Hufa alipojificha, na mzoga uliokwama baina ya dari na bati katika joto la Oktoba utawatoa wenyewe chumbani kwa siku nyingi kabla haujakauka. Paka akimla panya mwenye sumu ya kuzuia damu kuganda, naye huwa hatarini. Bundi hali kadhalika, na bundi, pamoja na uchuro wote tunaomsingizia, ni mwindaji ambaye usiku kucha hafanyi kazi nyingine ila hiyo tunayoilipia fedha. Ambaye hana budi kuitumia sumu na anunue dukani, yenye nembo na maelezo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, aiweke ndani ya kiboksi chenye tundu dogo ambalo mkono wa mtoto haupiti, na kamwe asiihamishie katika chupa ya soda au kopo la unga.

Mtego ni kazi ya subira, lakini humwonyesha mwenyewe alichokamata. Mtego wa kubana, ule wa ubao na chuma, hukosa panya kwa sababu moja mara nyingi: umewekwa katikati ya chumba. Panya hapendi uwanda. Hutembea akiwa ameusugua ukuta kwa ubavu, na anayemulika tochi kandokando ya ukuta wa stoo ataiona njia yake, mstari mweusi wa mafuta ya manyoya yaliyopita hapo kila usiku. Juu ya mstari huo ndipo mtego unapostahili kukaa, umekingama, upande wenye chambo ukiuelekea ukuta. Chambo hakihitaji kuwa kingi: karanga moja iliyokaangwa na kupondwa, au kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi ili asikichomoe. Kwa panya mdogo, ambaye haendi mbali na shimo lake na hupenda kuchunguza kila kilicho kipya, tega mitego mingi, karibu karibu, usiku wa kwanza. Kwa panya wa darini, ambaye ni mwoga wa vitu vigeni, mpe mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku kadhaa, ale ashibe, kisha uitege yote kwa pamoja. Ndoo yenye maji nusu na kopo lililopitishwa waya, likapakwa karanga iliyosagwa, nayo hukamata wengi kwa usiku mmoja bila gharama, ila isiachwe mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuifikia. Gundi siipendi. Hukamata mjusi na kifaranga pamoja na panya, na aliyenaswa hukaa hai mpaka asubuhi akilia.

Hata hivyo, mitego na sumu huwaondoa waliomo, haviwazuii wanaokuja. Kinachowazuia ni saruji, bati na waya, na hapa ndipo nyumba zetu nyingi za matofali zinaposhindwa, kwani fundi huacha nafasi baina ya kichwa cha ukuta na bati, akasema ni ya hewa, na mlango huachwa juu ya kizingiti kwa upana wa vidole viwili. Hewa ni haki ya mwenye nyumba, lakini wavu wa waya wenye matundu yasiyofika milimita 6 huipitisha hewa na kumzuia panya. Chini ya mlango upigiliwe ukanda wa bati. Tundu la ukutani lisizibwe kwa matambara wala kwa udongo mtupu, ambavyo meno yasiyokoma kukua huvitafuna kwa saa moja. Lijazwe nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, kisha lipigwe saruji juu. Anayeishi katika kibanda cha turubai machimboni hana ukuta wa kuziba, basi ngome yake ni vyombo: unga, mchele na maharage vikae katika ndoo ngumu zenye vifuniko vya kubana, na makombo yafukiwe mbali na mahali pa kulala.

Ghala lataka maneno yake. Kihenge kikisimama juu ya nguzo za mita moja, na kila nguzo ikavishwa kikinga cha bati chenye umbo la faneli lililogeuzwa, panya hana njia, kwa sababu akiruka wima hapiti sana sentimita 75. Lakini nguzo hizo ni bure ikiwa ngazi imeachwa imeegemea, au tawi la mwembe limegusa paa. Wengi siku hizi hutumia mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kwa jina la PICS, na kwa dumuzi na fukusi ni dawa iliyo bora, kwani wadudu hukosa hewa wakafa; ila panya huitoboa, na ikishatobolewa hewa huingia na faida yake imekwisha. Mifuko hiyo ipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta kwa nafasi ya mtu kupita, katika chumba kilichozibwa. Asiye na chumba cha namna hiyo atapata usalama zaidi katika pipa la chuma la lita 200, lililokuwa safi na ambalo halijapata kubeba mafuta wala dawa, ambalo huingia karibu gunia moja na nusu la mahindi makavu. Na mkulima wa tumbaku aliyefungwa na shughuli za bani la kukaushia tumbaku asiyaache mahindi yake kusimama shambani wiki nyingi baada ya kukauka, kwa maana kila siku ya kuchelewa ni karamu.

Vipi kuhusu paka? Watafiti waliochunguza nyumba za vijijini nchini Eswatini walichapisha mwaka 2017 kwamba paka peke yake hakuonekana kuleta tofauti, mbwa peke yake vilevile. Lakini penye paka na mbwa kwa pamoja panya walipunguza kuzurura na kula. Mwenye paka asimwache basi, ila asimkabidhi ghala.

Yote haya huzaa matunda haba ikiwa yanafanywa na nyumba moja. Mtu akiwamaliza panya wake Jumatatu, wa jirani watahamia kabla ya Jumatatu ya pili, kwa kuwa mahali palipobaki wazi penye chakula hapakai patupu. Mitego ikitegwa na kitongoji kizima, kila usiku, kwa muda wa majuma kadhaa, hesabu hubadilika, wala haitaki fedha nyingi: mitego michache ya kuzungushwa kwa zamu, vijana wa kuhesabu na kuzika mizoga, na mwenyekiti anayesikilizwa. Katika mikutano ya vijiji vyetu tumezoea kujadili barabara, visima na michango ya shule. Nawaomba wenyeviti wa vitongoji vya Chunya waweke panya katika ajenda ya mkutano wa Septemba, ili mwezi wa Oktoba, panya wakiwa wachache na mvua bado haijanyesha, mitego iwe imetegwa katika kila nyumba kwa siku moja.